Nani hulipa hongo ya msafara wa Kawangware?

Asubuhi moja ya mvua, muhula uliopita, nilikuwa nimesimama katika kituo cha Kawangware 46 pamoja na umati wa watu waliokuwa wakielekea mjini. Kando yangu alikuwapo msichana aliyevaa sare ya shule ya upili, mkoba mgongoni, mkononi amefumbata sarafu. Manamba alipotangaza kuwa nauli ilikuwa imepanda maradufu, msichana yule alifumbua kiganja, akahesabu, akahesabu tena, kisha akarudi nyuma kimyakimya na kuanza kutembea. Hakumlaumu mtu. Sisi abiria tuliobaki ndio tuliolaumu, na kama ilivyo ada, lawama zote zilimwangukia manamba. Aliitwa mwizi na mlafi, pamoja na majina mengine ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha.

Nia yangu katika makala haya si kuwatetea manamba. Wapo miongoni mwao wasiojua adabu, na mvua imekuwa kwao kisingizio cha kumkamua mnyonge. Hata hivyo, maadamu kazi yangu ni kuwafundisha vijana kuuliza kabla ya kuhukumu, niliona aibu kwamba nilikuwa nimelaumu bila kuuliza. Je, shilingi anayodai manamba huishia wapi? Na kwa nini kila mwaka matatu inazidi kuwa ghali kuimiliki, kuisajili na kuiendesha, hali barabara ni ile ile na abiria ni wale wale?

Siku ya Jumamosi nilimwendea mwalimu wangu wa zamani, ambaye siku hizi amestaafu na anakaa upande wa Gatina. Mwalimu huyu alitumia sehemu ya kiinua mgongo chake pamoja na mkopo kununua matatu ya abiria 14. Nilimkuta barazani, miwani puani, ameinamia daftari la mraba kama lile alilotumia kutufundishia hesabu miaka ya 1990.

"Karibu, Daktari," aliniambia kwa utani. "Umekuja kunifundisha isimu au kunikopesha pesa?"

"Nimekuja kujifunza hesabu, Mwalimu," nilimjibu.

Alinisogezea daftari. Lilikuwa na safu zilizonyoshwa kwa rula: mafuta, bima, sako, kodi, ukaguzi, ada za kaunti, magurudumu, mshahara, mkopo. Safu ya mwisho, iliyokuwa pana kuliko zote, ilikuwa imeandikwa neno moja tu: "Mengineyo." Nilipomwuliza maana yake alicheka kicheko kisicho na furaha. "Gharama nilizoziandika majina nazijua," alisema. "Inayoniua ni ile isiyoandikika."

Mpenzi msomaji, hebu tuanze na zile zinazoandikika.

Jina lenyewe la matatu, kama wengi mjuavyo, linatokana na nauli. Abiria wa kwanza walilipa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi, na gari likachukua jina la bei yake. Ni nadra katika lugha kwa chombo kuitwa kwa jina la bei. Na pengine ni kejeli kwamba bei hiyo imekufa zamani ilhali jina lake linaendelea kuishi. Wakati huo magari haya yalikuwa ya magendo mbele ya sheria, kwa kuwa kampuni ya Kenya Bus, iliyoanza mwaka 1934, ndiyo iliyokuwa na haki ya kusafirisha watu jijini. Mnamo mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu yahudumu bila kuhitaji leseni ya Halmashauri ya Leseni za Uchukuzi. Kwa hivyo, matatu ilizaliwa kama biashara ya mtu mdogo: mwenye gari kuukuu na ujasiri alikuwa na kazi.

Uhuru huo ulikuwa na madhara yake, na sisi tuliosoma miaka ya 1990 tunayakumbuka. Tulibebwa tumebanana, wengine wakining'inia mlangoni, muziki ukitoboa masikio na gari likienda kasi ya upepo. Wengi walikufa. Ndiyo sababu kanuni zilizotangazwa Oktoba 2003 chini ya aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, na kuanza kutekelezwa Februari 1, 2004, zilipokewa kwa vifijo. Zilidai kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama katika kila kiti, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na kondakta, na abiria 14 mahali walipokuwa wakiketi 18.

Hatua hizo zilikuwa za busara, lakini tusisahau kwamba zilikuwa na bei. Mwenye gari alinunua vifaa kwa mkupuo mmoja na papo hapo akapoteza viti vinne vya mapato. Nauli zikapanda, magari mengi yasiyotimiza masharti yakakaa nje ya barabara, na wakazi wengi wa Nairobi wakatembea kwa miguu kwenda kazini mwezi huo. Hilo lilipaswa kutufundisha kanuni moja nyepesi: kila sharti linalowekwa juu ya matatu hatimaye hulipwa na yule aliyeketi ndani yake, au na yule aliyeshindwa kuingia.

Baada ya hapo masharti yaliongezeka. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na kanuni zilizofuata zikataka kila mwenye matatu awe ndani ya chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Shabaha ilikuwa njema, yaani kuleta nidhamu na kuondoa makundi haramu vituoni. Lakini mwenye gari moja, kama mwalimu wangu, sasa hulipa ada ya kujiunga na sako na makato ya kila siku kabla hajatia lita moja ya mafuta. Tangu Agosti 2022 zikaja namba mpya za usajili, shilingi 3,000 kwa gari. Ukiongeza ukaguzi wa kila mwaka, leseni ya njia, beji za dereva na kondakta, vyeti vya tabia njema na ada za maegesho za kaunti, utaona kwa nini daftari la mwalimu limejaa mistari.

Sasa tutazame kodi. Mwenye matatu hulipa kodi ya mapato ya mapema kulingana na idadi ya viti. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa shilingi 60 kwa kiti kwa mwezi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilikipandisha hadi shilingi 100, kuanzia Januari 2024. Kwa gari la abiria 14, kodi hiyo iliruka kutoka shilingi 10,080 kwa mwaka hadi 16,800. Nyongeza ni shilingi 6,720. Wenye magari walipiga kelele, na walikuwa na haki.

Lakini hapa ndipo mwalimu aliponipa somo. "Unaona mwiba," aliniambia, "huoni mkuki." Akanitaka nipige hesabu ya mafuta. Tuseme matatu inatumia lita 30 kwa siku na kufanya kazi siku 26 kwa mwezi. Mwezi Julai 2024 tozo ya kudumisha barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Shilingi saba ni kitu gani? Watoto wa siku hizi hawaziokoti zikianguka. Zidisha basi: saba mara lita 30 ni shilingi 210 kwa siku, kwa siku 26 ni shilingi 5,460, kwa miezi 12 ni shilingi 65,520. Hiyo ni karibu mara kumi ya nyongeza ya kodi ya viti iliyopigiwa kelele. Na ilipita kimya, kwa sababu bei ya pampu haikupanda mwezi huo. Tozo ilimeza nafuu ambayo mwenye gari angeipata.

Na tozo hiyo si peke yake. Ushuru wa thamani ya ziada, VAT, ulianza kutozwa kwenye mafuta Septemba 2018 kwa asilimia 8, kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikaupandisha hadi asilimia 16. Miezi michache baadaye, Septemba 2023, bei ya dizeli jijini Nairobi ilifika shilingi 200.99 kwa lita, na petroli 211.64. Kwa lita zetu 30 za dizeli, hizo ni shilingi 6,029 na senti 70 kwa siku moja. Ni kweli kwamba bei ya dunia na udhaifu wa shilingi yetu wakati huo vilichangia, na ni kweli kwamba bei ilishuka mwaka uliofuata. Nauli za Kawangware, hata hivyo, hujua kupanda ngazi kuliko kuishuka.

Bima nayo ina kisa chake. Sheria yetu humlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na ni haki iwe hivyo. Lakini kampuni mbili zilizokuwa zikikatia bima matatu nyingi, United Insurance na Blue Shield, ziliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria, ya kwanza mwaka 2005 na ya pili mwaka 2011. Waliobaki wakidai fidia walijikuta wamelipa na hawana kinga. Biashara hiyo ina ajali nyingi na ulaghai si haba, kwa hivyo kampuni hupandisha malipo, na mwenye gari linaloendeshwa kwa uangalifu humlipia anayeendesha kiholela.

Hizo ndizo zinazoandikika. Sasa nije kwenye safu ya "Mengineyo", na hapa naomba ruhusa nivae joho la taaluma yangu.

Neno "hongo" tunalolitumia leo kwa maana ya rushwa halikuwa na maana hiyo hapo awali. Katika karne ya 19, misafara ya biashara ilipotoka pwani kwenda bara, watemi na wazee wa nchi zilizokuwa njiani walidai malipo ya nguo, shanga au waya ili kuiruhusu ipite na kuteka maji. Malipo hayo ndiyo yaliyoitwa hongo. Wagogo wa Tanganyika walijulikana sana kwa kuyadai, na Joseph Thomson aliyepita katika nchi ya Wamaasai mwaka 1883 aliyaandika. Hata Dagoretti, mwendo mfupi kutoka Kawangware, palikuwa pahali pa misafara. Ndipo Lugard alipojenga ngome ya kampuni ya Waingereza Oktoba 1890, baada ya mapatano na Waiyaki wa Hinga, ili misafara ya Uganda ipate chakula.

Katika asili yake, hongo haikuwa aibu. Ilikuwa ada ya njia, sawa na tozo ya barabara ya leo. Walichokilalamikia wasafiri hasa kilikuwa kutojua kiasi chake. Hapakuwa na orodha. Leo mtemi huyu anataka gora mbili, kesho yule anataka sita. Msafara hukaa siku kadhaa ukibishana, chakula kikipungua na wapagazi wakitoroka. Malipo yasiyojulikana kiasi ni mabaya kuliko malipo makubwa yanayojulikana, kwa sababu anayedai hana mpaka na anayelipa hana hoja. Sishangai kwamba neno la ada isiyo na orodha ndilo lililogeuka kuwa neno la rushwa.

Nikamwuliza mwalimu: "Hiyo 'Mengineyo' huanzia wapi?"

Akanieleza kisa. Siku moja dereva wake alisimamishwa, akaambiwa anakosa cheti fulani na kwamba gari lingezuiliwa. Dereva alikuwa na bahasha nzima ya karatasi, lakini zote zilikuwa za Kiingereza cha mawakili, naye elimu yake ni ya darasa la nane. Hakuweza kusema ni ipi inayotakiwa na ipi haitakiwi. Akatoa alichokuwa nacho, akaachiliwa. Jioni mwalimu alivaa miwani, akasoma kanuni mstari kwa mstari, akakuta kwamba cheti kile hakikuhitajika kabisa kwa gari lake. "Nililipa faini ya kutojua Kiingereza," alisema.

Naomba nieleweke vizuri. Si kila hongo barabarani hutokana na kutojua. Liko gari bovu ambalo mwenyewe hulitolea hongo ili liendelee kuwa bovu, na huyo hastahili huruma yetu. Lakini baina ya mhalifu anayenunua uhalifu wake na mnyonge anayenunua amani pana tofauti kubwa, na huyo wa pili hutengenezwa na lugha tunayotumia kutawalia.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema kwamba lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili kimetajwa kwanza. Hata hivyo kanuni za uchukuzi, orodha za ada, mikataba ya bima na ya mikopo huandikwa kwa Kiingereza. Dereva huendesha kwa Kiswahili, kondakta huita abiria kwa Kiswahili na Sheng, abiria hulalamika kwa Kiswahili, na mzozo ukizuka hutatuliwa kwa Kiswahili. Ni pale tu penye deni ndipo lugha inapobadilika. Kiswahili kimeachiwa kazi ya kulipa, Kiingereza kikapewa kazi ya kudai.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha kwa mambo haya. Hoja hii imechakaa. "Nauli" ilitumika kwa malipo ya chombo cha baharini karne nyingi kabla ya gari la kwanza kufika Mombasa. "Ushuru" tuliupata kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya sehemu moja ya kumi. Maana yake hapo mwanzo neno lenyewe lilimwambia mlipaji kiasi cha kulipa. Tuna bima, dhamana, leseni, ada, fidia, riba na marejesho. Bunge la Taifa lilizindua Kanuni zake za Kudumu kwa Kiswahili mwaka 2019. Ikiwa taratibu ngumu za Bunge zilitafsirika, orodha ya ada za gari la abiria 14 itashindikanaje?

Wengine watasema kwamba tafsiri haipunguzi shilingi hata moja. Hao ninawakumbusha mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza kodi mpya ya magari, asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Kwa matatu ya thamani ya shilingi milioni mbili, hiyo ingekuwa shilingi 50,000. Miaka mingine mswada kama huo ungepita watu wakisikia tu fununu. Safari hii vijana, wengi wao wanafunzi wetu, waliusoma, wakautafsiri kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani, wakausambaza kwa simu. Kodi ya magari iliondolewa Juni 18. Juni 25 maandamano yalifika Bungeni na damu ikamwagika, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada wote. Sisemi kwamba tafsiri peke yake ilifanya hayo. Wako waliolipa kwa maisha yao. Nasema kwamba watu hawawezi kukikataa wala kukikubali wasichokielewa.

Kwa hivyo ninapendekeza mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila ada inayotozwa matatu, iwe ya serikali kuu, ya kaunti au ya sako, iandikwe kwa Kiswahili katika ubao mmoja na kubandikwa katika vituo: Kawangware 46, Kawangware 56, Dagoretti Corner, Kibera na kwingineko. Iandikwe kiasi, anayelipwa, na karatasi gani inatakiwa. Dereva akisimamishwa aweze kuonyesha kwa kidole. Ada ikiongezwa, iongezwe mbele ya macho ya watu.

Pili, tozo zilizofichwa ndani ya lita ya mafuta zitajwe waziwazi kila bei mpya inapotangazwa, kwa lugha ambayo mwuza mboga wa Kawangware ataielewa. Sipingi kodi. Barabara hazijengwi kwa nyimbo. Ninapinga kodi inayojificha ili tumlaumu manamba.

Tatu, na hili nawaelekezea walimu wenzangu na wanafunzi. Tunafundisha ufahamu kwa habari za sungura na fisi hadi kidato cha nne, kisha tunashangaa mhitimu anapotia sahihi mkataba wa mkopo bila kuusoma. Mwalimu wa Kiswahili, chukua kanuni moja ya uchukuzi, uwape wanafunzi waitafsiri. Mwalimu wa hesabu, chukua ile tozo ya shilingi saba uwaulize ni ngapi kwa mwaka. Mwanafunzi unayepanda matatu kila asubuhi, mwulize kondakta, kwa heshima, gharama zake za siku. Utajifunza uchumi wa nchi hii kabla hujafika mjini.

Nilipoagana na mwalimu nilimwuliza kama atanunua gari la pili. Alitikisa kichwa. Alisema mkopo ukiisha ataliuza hata hilo moja, kwa mtu mwenye magari 20 anayeweza kumudu safu ya "Mengineyo". Na hivyo ndivyo biashara aliyoianza mtu mdogo kwa sarafu tatu inavyohamia polepole mikononi mwa wakubwa. Sidhani kwamba wakubwa hao watakuwa na huruma zaidi mvua ikinyesha.

Msichana yule wa Kawangware 46 sikumwona tena. Najua tu kwamba alikuwa na safari ndefu na kwamba somo la kwanza lilimpita. Hakuna daftari la kodi wala la sako lililoandika gharama hiyo. Ameilipa yeye, kwa miguu yake, na hakuna aliyempa risiti.